Herufi Zenye Meno kwenye Kaliko ya Kiki

Ukitaka kumjua Germaine, usimtazame usoni, mtazame shingo. Shingo yake ilizoea kugeuka upande mmoja tu, kushoto, kwa sababu kushoto, milango miwili kupita wake, ndiko lilikokuwa duka la Lydie. Mteja akishuka kwenye pikipiki, shingo inageuka. Lydie akicheka na mtu, shingo inageuka. Jumapili kanisani Lydie alikaa mabenchi ya kulia, na shingo ya maskini ikawa haina mapumziko hata mbele ya Mungu.

Duka la Germaine lilikuwa chumba kimoja katika komini ya Kenya (mtaa wa mji, si nchi ile), kati ya fundi wa radio na kikanisa cha maombi ambacho ngoma zake zilitikisa meza yake ya kazi. Alitengeneza kadi za mwaliko, picha za marehemu za kuweka kwenye matanga, vibandiko vya kuuza unga na, tangu desturi ilipobadilika, kaliko: yale mabango marefu ya plastiki yanayofungwa juu ya lango siku ya harusi. Zamani kaliko ilikuwa kitambaa, na aliyeiandika kwa brashi alikuwa mumewe, Godefroid, Mungu amrehemu. Nusu ya majina ya maduka ya Kenya yalitoka mkononi mwa Godefroid. Germaine alimshikia ngazi, alimchanganyia rangi, na alisimama ng'ambo ya barabara kumpigia kelele: "Sogeza ile A! Inakaba mwenzake!" Kusoma alisoma shule ya msingi tu, lakini herufi alizijua kama mama anavyojua watoto wake, kwa mwendo.

Kompyuta ilipoingia, Godefroid aliinunua, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kadi ndogo ya mfanyabiashara wa samaki wa Kasenga. Yule mtu alifanikiwa, akaleta ndugu zake, ndugu wakaleta marafiki. Basi faili ya kadi ile wakaipa jina Bahati. Tangu siku hiyo hakuna kazi iliyoanza duka lile bila Bahati kufunguliwa kwanza. Unafuta samaki, unaandika maneno mapya, unaihifadhi kwa jina lingine, kazi imekwisha.

Kwa watu wa Kenya hilo halikuwa jambo la kushangaza. Katika lupango zao, yaani nyua za nyumba zao, mwanamke hawashi mbabula, jiko lake la makaa, kwa kiberiti ikiwa jirani ana makaa. Anakwenda na kipande cha bati, anaomba makaa mawili yaliyoshika, anarudi nayo taratibu. Moto wa kuomba unakuja na baraka ya nyumba ulikotoka. Moto wa kiberiti ni yatima. Germaine aliichukua kazi ya kompyuta vivyo hivyo. Na Lydie, aliyejifunza kwake tangu akiwa msichana mwembamba asiyejua hata kushika kipanya, alipoaga ili akafungue duka lake, Germaine alimpa Bahati, tena baada ya kuiombea. Makaa ya moto kabisa. Mtoto aende akapike.

Mtoto akaenda akapika, na harufu ya chungu chake ikamtoa Germaine machozi.

Kaliko za Lydie zilikuwa laini. Huo ndio ulikuwa uchungu wenyewe. Herufi zake ziliteleza kama zimepakwa mafuta ya mawese, duara lilikuwa duara, na mstari ulikuwa mstari. Kaliko za Germaine, ukisogea karibu, kila herufi ilikuwa imeng'atwa pembeni, ngazi-ngazi, kama msumeno wa kukatia mifupa. Kadi zake ndogo zilitoka vizuri. Ila kaliko! Na harusi za siku hizi zote zinataka kaliko. Basi Germaine akawa anachukia kila kitu cha Lydie: viti vyake vya plastiki vya kijani, namna alivyofunga kitambaa kichwani, hata pazia lake. Alikuwa na pazia gani la kujivunia, na lilikuwa la mitumba?

Siku ya Jumatatu, Kiki, binti wa kaka yake Chomba, aliingia dukani. Alikuwa anaolewa Jumamosi. Hakukaa, na Germaine akajua kwamba neno analolileta halitaki kiti.

"Tantine, usikasirike," alisema Kiki.

"Sijasikia bado. Sema, njo nitajua kama ninakasirika."

"Kaliko yangu... mi nilitaka nifanyishe kwa Lydie."

Shingo ya Germaine ilienda kushoto ikarudi.

"Kwa nani?"

"Tantine, malettre yako iko na meno. Kwa mariage ya Keren bantu balicheka kaliko yako. Banasema jina ya bwana yake iko sawa musumeno."

"Bantu gani bale? Kaliko banaangalia mbali! Nani aliwaambia bapande juu na kulamba?"

"Photo zote banakamatia chini ya kaliko. Itabakia mu téléphone ya bantu mpaka bajukuu."

"Kiki. Mi nilishakufa? Shangazi yako iko muzima, na jina yako inaenda kuandikwa na muntu wa inje? Siku ya kukutosha mu nyumba ya baba yako, nani atakushika mukono? Lydie?"

Hapo Kiki alishikwa, maana shangazi ndiye anayemkabidhi binti kwa wakwe, na shangazi aliyeudhika anaweza kuketi na kusema hasimami. Msichana alivuta pumzi.

"Basi fanya, tantine. Jeudi nitapita kuangalia. Nikikuta meno, ninaenda kwa Lydie, na usiniangalie mubaya. Kaliko ni yangu."

Alipotoka, Germaine alimfuata kwa macho hadi alipopita mlango wa Lydie. Hakuingia. Lakini alipunga mkono. Kupunga mkono kwenyewe kulikuwa na meno.

Kazi ikaanza siku ile ile. Germaine alifungua Bahati, akafuta, akaandika jina la Kiki na la bwana wake, akabandika maneno na maua yawe picha moja, kisha akashika kona na kuivuta hadi mita tatu, kama alivyofanya siku zote. Akasogeza macho. Meno. Akabadilisha mwandiko, akachukua ule unaopinda kama mashada ya mzabibu. Meno, na safari hii yaliyopinda. Akachukua ule mnene. Meno manene. Akafuta kioo cha kompyuta kwa ukingo wa kitenge chake, kana kwamba meno yalikuwa uchafu.

Jumanne alipanda basi hadi mjini kwa Mahamudu, mtu wa asili ya Maniema mwenye mashine pana ya kuchapa. Kaliko zote za mtaa wa Germaine zilichapwa kwake, za Lydie pia, na Germaine alikuwa na neno lake tayari mdomoni.

"Mahamudu, niambie ukweli. Lydie anakulipa kitu gani, unachapa zake muzuri na zangu mubaya?"

Mahamudu alicheka mpaka kofia ikahama. "Mama Germaine! Machine haijue Lydie, haijue Germaine. Unamupa meno, anachapa meno. Unamupa mafuta, anachapa mafuta."

"Meno inatoka wapi sasa?"

"Wallahi, kazi yako iko na résolution ya chini. Madoti kidogo. Pandisha, weka trois cents." Na akageukia mteja mwingine.

Germaine alirudi akiwa na ile mia tatu mkononi kama dawa ya hospitali. Akafungua Bahati, akatafuta kisanduku cha résolution, akafuta sabini na mbili iliyokuwemo na kuandika mia tatu. Kompyuta ikakubali bila ubishi, na hilo lingepaswa kumtia shaka. Akaandika jina la Kiki kwa ukubwa wa arobaini, ule wa siku zote.

Ikatokea K peke yake, kubwa kama mlango, imejaza ukurasa mzima. Herufi nyingine zilikuwa nje huko, hazikuonekana. Akatazama kipimo: ukurasa sasa ulikuwa na upana wa vidole viwili! Hakikuongezeka hata kidoti kimoja. Madoti ni yale yale ya kadi ya samaki, ila sasa yamesongamanishwa kama watu kwenye matanga ya tajiri, na ukurasa umenywea. Akishusha herufi ziingie, meno. Akivuta ukurasa, meno, na ukungu juu yake.

"Lydie," alisema Germaine kwa sauti, peke yake, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kulaumu.

Usiku ule, kitandani, alimwona Lydie mbele ya macho, amesimama chini ya kaliko ya Kiki, anapongezwa na familia. Familia yake yeye! Chomba anamshika mkono. Mama wakwe wanauliza, "Ni nani huyu aliyeandika?" na Germaine yuko jikoni anakoroga bukari, ugali wa wageni.

Jumatano asubuhi akajifunga kitenge kizuri, maana hata ukienda kupeleleza usiende kama ombaomba, akatembea milango miwili.

"Hodi."

"Karibu, mama! Chukua kiti."

"Sikai. Nimekuja kuomba pinsi ya kupigia matundu ya kaliko. Yangu imevunjika." Haikuvunjika. Ilikuwa ndani ya mfuko wake.

"Iko, mama. Ngoja kidogo nianze hii kazi ya chorale, nitakutafutia."

Lydie akageukia kompyuta, na Germaine akasimama nyuma yake, ameshika mgongo wa kiti cha kijani. Alitazama kama paka anavyotazama mchuuzi wa dagaa. Lydie hakufungua faili yoyote. Alianza na ukurasa mweupe kabisa. Na kabla ya kuandika hata nukta, alitaja upana, mita tatu, kisha urefu wa kwenda chini, mita moja, kisha résolution, mia moja. Ndipo akaandika. Kisha akakuza hadi pale kompyuta inapoandika mia kwa mia, akatazama ukingo wa herufi, akaridhika. Laini. Laini kama shavu la mtoto.

"Wapi Bahati?" Neno lilimtoka Germaine kabla ya kulizuia.

"Bahati gani, mama?"

"Ile fichier nilikupatia siku ulitoka kwangu. Mukono kwa mukono. Na maombi juu."

Lydie aliacha kipanya. Alitazama meza.

"Nilifuta, mama."

"Ulifuta."

"Siku ya kwanza. Ile ilikuwa carte, mama, kadogo sawa mukono. Unaandika mule ndani, unabandika yote, halafu unavuta mpaka mètre tatu. Ni sawa robe ya mutoto unamuvalisha mama munene. Itapasuka tu. Kadoti kamoja kanakuwa kakubwa sawa mbegu ya maharagi. Meno njo ile."

"Na juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulisema mutoto hafundishe mama yake kuzaa."

Ni kweli, alisema hivyo, na siku ile aliliona neno zuri. Germaine aligeukia mlango, na kabla hajaondoka Lydie akaongeza lile lililoharibu kila kitu.

"Kiki alifika hapa, wiki ile ingine. Nilimukatalia. Nilimwambia, enda kwanza kwa shangazi yako, atakufanyia."

Kama angesema "nilimpokea", Germaine angekuwa na ugomvi wake safi wa kurudi nao nyumbani. Kumbe amenyimwa hata ugomvi. Mtoto amemwachia kaliko kama unavyomwachia mtu mfupa uliobaki na nyama kidogo.

"Nani alikuomba huruma?" alisema. "Weye, Lydie, kama unataka kazi, kamata kazi. Usinirushie."

Akatoka. Pinsi hakuichukua.

Dukani alikaa mbele ya kompyuta muda wa ngoma nzima za kikanisa. Lydie amefuta Bahati! Amewasha moto wa kiberiti, na moto umewaka. Hilo ndilo lilimchoma kuliko yote. Kama Lydie angeshinda kwa Bahati, ushindi ungekuwa wa Godefroid, na mjane angekula humo. Lakini alishinda mikono mitupu, na Germaine akaona kwamba baraka aliyoitoa kwa mikono miwili haikuwa na kazi yoyote kwenye mafanikio ya binti yule. Aliomba makaa kwa nani, basi?

Akafungua ukurasa mweupe. Vidole vilimkataa kwanza. Mita tatu. Mita moja. Mia moja. Akaandika jina la Kiki kwa arobaini, na jina likawa sisimizi kwenye uwanja wa mpira. Hapo hakupiga kelele, alielewa. Ukurasa huu ni mkubwa kweli, si mdogo uliovutwa. Herufi nayo lazima iwe kubwa kweli. Akapanda, mia mbili, mia tano, akafika mia tisa, na jina likasimama.

Akatazama ukingo. Meno!

Akakumbuka: kukuza mpaka mia kwa mia, maana ukitazama kutoka mbali kompyuta yenyewe inadanganya. Akakuza. Meno yalipungua, lakini yapo, madogo, kama ya panya. Akarudisha mbele ya macho kila kitu alichokiona kwa Lydie, akipita kioo kile pembe hadi pembe, na wivu ulikuwa umemhifadhia kila kitu, hakuna kilichopotea. Juu, kando ya ukubwa wa herufi, palikuwa na kisanduku kidogo. Kwa Lydie kilikuwa na neno lissage, kulainisha, na chini yake neno net, safi. Chake kilisema aucun. Hakuna kulainisha. Ni Godefroid aliyekizima, kwa kadi ile ya samaki, ili vijiherufi visionekane na ukungu, na programu ikakumbuka mpaka leo, mwaka hadi mwaka, kama mke mtiifu.

Germaine akakibadilisha. Herufi zikateleza.

Hakuacha hapo. Lydie alikuwa na tabia ya kujaza maua mpaka majina yanaomba nafasi ya kupumua. Hilo Germaine alilijua siku nyingi na alilifurahia kimya kimya. Alifuta maua yote isipokuwa moja. Akageuza kompyuta ielekee mlangoni, akavuka barabara, akasimama karibu na muuza mihogo, akakunja macho. Akarudi, akasogeza K kidogo, akavuka tena. Muuza mihogo akamuuliza, "Mama, unapotea?" "Nyamaza, iko inakaba mwenzake," akajibu. Alikwenda na kurudi hivyo mpaka majina mawili yakakaa kama watu wawili waliopiga pasi nguo zao.

Alhamisi Kiki alifika. Alisogeza uso kwenye kioo, akakuza mwenyewe, akatafuta kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Alitafuta kwenye jina lake, akatafuta kwenye jina la bwana, akatafuta hata kwenye tarehe.

"Tantine."

"Meno ngapi?"

"Hakuna." Alimkumbatia shangazi yake kwa nguvu. "Hakuna hata moja. Peleka kwa Mahamudu!"

Jumamosi kaliko ilifungwa juu ya lango la uwanja kule komini ya Annexe, ambako familia ya bwana ilikuwa na lupango kubwa. Germaine alimshika Kiki mkono, akamkabidhi kwa wakwe na maneno yote yanayotakiwa, na hakuketi hata mara moja. Watu walipiga picha chini ya majina. Brigitte, mama mkubwa wa bwana harusi, aliinua kidevu, akasoma taratibu, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni:

"Iko muzuri sana! Ni Lydie njo aliandika. Mungu alimupatia mukono."

Germaine alikuwa na sahani mbili mikononi. Alisimama kama aliyemwagiwa maji. Lydie, aliyealikwa kwa sababu alialikwa kila mahali, akajibu papo hapo kutoka meza ya wanakwaya:

"Hapana, mama. Hii ni ya Mama Germaine."

"Yee! Ya Germaine?" Na vichwa vyote vikamgeukia, na mtu akapiga vigelegele.

Unadhani alifurahi? Alichukia. Alichukia jinsi Lydie alivyosema bila kusita, bila kumeza mate, kama mtu mwenye vingi anayegawa. Yeye Germaine, katika nafasi ile, angekunywa maji kwanza, akaacha sifa zikae kidogo begani kwake, halafu ndipo aseme. Akaenda jikoni, akaweka sahani chini kwa kishindo.

Aliporudi na bukari na samaki, aliikuta meza ya wanakwaya imebaki na mtu mmoja. Wengine walikuwa wanacheza. Lydie hakuwa anacheza. Alikuwa ameinua uso kwenye kaliko, jicho moja limekunjwa kidogo, na shingo imegeuka ikakaa hivyo, haitaki kurudi. Germaine aliitambua shingo ile. Alikuwa nayo mwenyewe miaka yote.

"Mama," alisema Lydie, bila kuondoa macho juu. "Hizi majina, uliipanga namna gani? Iko inapumua. Zangu hazipumue hivi."

Germaine aliketi mbele yake, akanawa mikono, akakata tonge. Tangu Jumatatu hakuwa amemaliza sahani. Sasa alikata la pili.

"Niliipanga na macho," alisema.

"Macho namna gani?"

"Kula, mutoto. Bukari inapoa." Na akajisogezea kichwa cha samaki.